Kaa anafagia matope yetu, na kwenye ripoti hayumo

Hii miaka ya karibuni kupanda matumbawe kumekuwa stori kubwa hapa Kenya. Shuka Shimoni na Wasini kule kusini, au Kuruwitu upande wa Kilifi, utakuta vitalu chini ya maji, vipande vya matumbawe vimening'inizwa kwa kamba ama vimefungwa kwa vyuma, vinangoja vinenepe kidogo vihamishiwe mwambani, na ni kazi nzuri, wacha niseme mapema kabla mtu hajanirukia. Ila stori ikishafika huku Nairobi, kwa wafadhili, kwa semina za hoteli za Westlands na Upper Hill, inakuwa imebaki na namba moja tu: vimepandwa vipande vingapi. Si ni ule ule ugonjwa wetu wa miti? Tuliambiwa miti bilioni 15 ifikapo 2032, Novemba 2023 tukapewa hadi likizo ya kupanda, kila mtu akapiga picha na mche wake, sasa uliza ni nani alirudi kumwagilia.

Leo nataka tumjadili mmoja ambaye haingii kabisa kwenye hizo hesabu. Kaa. Na simaanishi kaa koko, yule bonge wa mikokoni anayeletwa mezani na ndimu na pilipili. Huyu ninayemsema mgongo wake ni kama sentimita moja, moja na nusu hivi, na anaishi katikati ya matawi ya tumbawe, haendi popote. Wataalamu wanamwita Trapezia yule anayekaa kwa matumbawe ya Pocillopora, halafu kuna nduguye Tetralia anayependa yale ya Acropora. Wapo wa rangi ya chungwa, wapo weupe wenye madoadoa mekundu, wapo wa hudhurungi, na wametapakaa Bahari ya Hindi na Pasifiki yote. Mara nyingi kwenye tumbawe moja unakuta dume na jike wakubwa wameshika nyumba pamoja, na akija mwingine wa kimo chao kutaka kuingia ni vita ya magando mpaka mmoja atoke.

Sasa huyu kaa anakula nini? Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Tumbawe hutoa ute, na kaa ana vinywele vigumu kwenye ncha za miguu vya kuchania huo ute na kuupeleka mdomoni. Zaidi ya ute kuna mafuta. Mwaka wa 1990 John Stimson, mtafiti aliyefanya kazi Hawaii, alichapisha matokeo kwamba Pocillopora yenye kaa ndani hutengeneza vijidonge vya mafuta kwenye ncha za minyiri yake, na uwepo wenyewe wa kaa ndio unaochochea hiyo kazi. Yaani tumbawe, ambalo watu wengi bado wanadhani ni jiwe, linapika chakula kwa ajili ya mpangaji wake. Na mpangaji analipa kwa kukaa getini. Fikiria ploti ya mtaa wa Pipeline hapa Nairobi ambayo landilodi hachukui pesa, anakwambia wewe kaa bure, nitakulisha, lakini usiku uwe soja na asubuhi ufagie. Ndio mkataba wenyewe huo, na hakuna mtu anayempenda mwenzake hapo, kila mmoja anaangalia tumbo lake.

Usoja ndio ulioanza kujulikana. Kuna kiti cha pweza mmoja mkubwa wa miiba, Acanthaster, mikono yake inaweza kupita 15, na anakula matumbawe kwa kutoa tumbo lake nje, kulitandaza juu ya tumbawe na kuliyeyusha likiwa hai. Akishamaliza anaacha mifupa myeupe tupu na kusonga mbele. Si mchezo huyo. Kwenye Great Barrier Reef ya Australia watafiti walipopiga hesabu ya miaka ya 1985 hadi 2012 walikuta eneo la matumbawe hai limepungua kwa nusu hivi, na katika ule upungufu wakamtwika huyu jamaa peke yake asilimia 42. Dhoruba zilikuwa mbele yake kidogo tu, na kupauka kwa sababu ya joto kulikuwa asilimia 10, ingawa hiyo ni kabla ya joto la 2016 kuja kubadilisha hesabu.

Basi Peter Glynn, aliyekuwa akifanya utafiti Panama miaka ya 70, akaona kitu cha ajabu: hilo dubwana likipanda kwenye Pocillopora yenye kaa, kaa wanatoka. Wanabana ile miguu laini ya chini, wanakata miiba kwa magando, wanamsukasuka mpaka anachoka anateremka. Kaa wa sentimita moja na ushee. Tena kuna kamba mdogo anayeishi nao humo humo, yule wa gando moja kubwa linaloalika kwa kishindo, naye anasaidia. Utafiti mwingine uliotoka 2014 ukaongeza kwamba spishi ndogo kabisa za kaa hawa ndizo hodari wa kuzuia konokono wanaoguguna matumbawe, ilhali wale wakubwa zaidi ndio wanaomweza kiti cha pweza. Kwa hiyo hata kusema tu "kaa wapo" haitoshi, inabidi ujue ni kaa gani na wa kimo gani.

Lakini mimi usoja haunikoseshi usingizi kama ile kazi ya pili, ya ufagio, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mwaka wa 2006 kundi la watafiti lililofanya kazi kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Ufaransa, lilichapisha jaribio rahisi mpaka unajiuliza kwa nini halikufanywa zamani. Walichukua matumbawe ya matawi, mengine wakayaondoa kaa, mengine wakawaachia kaa wao. Ndani ya muda usiofika mwezi, kati ya yale yasiyo na kaa yalikufa asilimia 50 hadi 80. Yenye kaa yalipona yote. Na kilichoua hakikuwa kiti cha pweza wala konokono, kilikuwa ni mchanga na vumbi la bahari linaloshuka polepole na kutuama kwenye tishu za tumbawe. Video za usiku zikaonyesha kaa wanahangaika kutoa chembe, wanazisukuma nje ya matawi, usiku wote. Hata yale machache yaliyobaki hai bila kaa yalikuwa yamebeba uchafu zaidi na yanakua kwa kusuasua.

Tumbawe lina njia zake za kujisafisha, msinielewe vibaya, linatoa ute unaobeba takataka na kuondoka nayo. Ila kazi hiyo inakula nguvu, na nguvu hiyo ingeenda kwenye kukua na kuzaa. Tope likiwa jingi linaziba mwanga pia, na vile vimwani vidogo vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha vinahitaji jua. Kwa hiyo mfagiaji hapo si pambo.

Sasa rudi nami Nairobi. Mto wetu, huu unaopita nyuma ya Gikomba na Korogocho ukiwa umebeba kila kitu tulichokataa kubeba wenyewe, unakutana na Ngong na Mathare, unaingia Athi. Athi inapita Machakos, inapita Makueni, inaingia Tsavo ikibadilisha jina inaitwa Galana, halafu huko chini inaitwa Sabaki, na inajimwaga baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Pale karibu kuna Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ambayo pamoja na ya Watamu ilitangazwa 1968, kati ya za kwanza kabisa Afrika. Wakati wa kusi, maji mekundu ya Sabaki yanasukumwa kwenda kaskazini, upande wa ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi yanarudi kusini, na mvua za vuli za huku bara zinapojaza mto Novemba na Desemba ndipo kaskazi nayo inaanza kuvuma, basi matope yanaelekea Malindi wakati huo huo sisi tunakata tiketi za SGR na mabasi kwenda kuogelea, halafu mtu anafika ufukweni anakunja uso, ati kwani maji ya huku ni machafu hivi? Sehemu ya hayo maji mlisafiri pamoja, ndugu yangu.

Na hili la udongo si porojo za wanaharakati, limeandikwa ndani ya tumbawe lenyewe. Watafiti walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, wakapima elementi inayoitwa bariamu tabaka kwa tabaka, maana bariamu huja na udongo wa mto. Matokeo yalitoka 2007. Kuanzia 1700 mpaka karibu 1900 mstari uko tulivu, haupandi haushuki sana. Karne ya 20 ilipoanza, ukaanza kupanda, na ukaendelea kupanda. Nani alikuja nyanda za juu wakati huo na kuanza kufyeka, tunamjua. Lakini mkoloni aliondoka 1963 na mstari haukuambiwa kwamba tumepata uhuru. Tukaja sisi na mashamba ya mteremkoni bila matuta, na uchimbaji mchanga kwenye mito ya Ukambani ili majengo ya Nairobi yasimame, na estate mpya kila mahali zinazochimba udongo Januari na kuuacha wazi hadi masika.

Hapa lazima niwe mkweli kwa sababu najua kuna mtu wa fani atasoma. Matumbawe ya Malindi hayajafa yote kwa tope. Tim McClanahan na David Obura, ambao wameifahamu miamba ya Kenya kuliko karibu mtu yeyote, walichapisha 1997 kwamba kule kunakopigwa na tope la Sabaki aina za matumbawe hazikuporomoka kama watu walivyohofia, kilichobadilika zaidi ni nani anaishi pale: wale wavumilivu wa tope wakashika nafasi. Watu wengine wanaisoma hiyo kama habari njema, na nusu ni njema kweli. Mimi nasoma ile nusu ya pili. Tope linachagua wapangaji. Nyumba za matawi ambazo Trapezia na Tetralia wanazipenda, na samaki wadogo wanajificha humo, si kila mahali zinahimili mchezo huo, na ukipoteza nyumba ya matawi umempoteza mfagiaji, na ukimpoteza mfagiaji nyumba ya matawi inayojaribu kuota upya inaanza ikiwa peke yake. Moorea sio Malindi, mchanga wa mwambani sio udongo mwekundu wa Ukambani, sitaki kubeba asilimia za kule nizibandike hapa. Ila kazi ya kufagia ni ile ile.

Juu ya tope kuna joto, na joto ndilo linalovunja mkataba wenyewe. Bahari ikipata joto kupita kiasi tumbawe linafukuza vile vimwani vyake, linapauka, linakaa na njaa. Likiwa na njaa litapika mafuta ya nani? Chakula cha kaa kinapungua, kaa wanapungua, na nyumba inabaki bila soja wakati ule ule imedhoofika. Glynn aliliona hili kule Panama kwa namna inayouma. Kulikuwa na matumbawe makubwa ya mviringo, yasiyo na kaa walinzi wa aina hii, lakini yalikuwa yamezungukwa na ukuta wa Pocillopora na kaa wao, na kiti cha pweza hakuwa akithubutu kuvuka. Ikaja El Niño ya 1982 na 1983. Pocillopora zikafa kwa joto, kaa wakaenda, geti likawa wazi. Yale ya mviringo yaliyokuwa yamenusurika joto, yenye miaka mingi, yakaliwa baadaye na kiti cha pweza aliyeingia akitembea.

Sisi zamu yetu ilikuja 1998. El Niño ile ile iliyobomoa barabara huku bara na kutuachia jina la kuitia kila mvua kubwa, iliacha sehemu nyingi za miamba ya Kenya zimepoteza nusu ya matumbawe hai au zaidi, na yaliyopigwa vibaya zaidi ni ya matawi, Acropora na Pocillopora. Nyumba za kaa. Tukapigwa tena 2016, na Aprili 2024 ikatangazwa rasmi kwamba dunia iko katika kupauka kwa nne kwa kiwango cha dunia nzima. Kwa hiyo tunapopanda matawi mapya leo, hatupandi kwenye mtaa uliojaa kaa wanaongoja nyumba. Watoto wa kaa huelea baharini kwanza kabla ya kutua, na lazima watoke kwa kaa wazazi, na wazazi lazima wawe na matumbawe hai mahali fulani.

Hapa mtu atasema si tufuge kaa tuwamwage tu. Wazo si la kijinga. Kule Florida watafiti Jason Spadaro na Mark Butler walihamishia kaa wakubwa wa Karibi mwambani na 2021 wakaonyesha kwamba kaa hao walipunguza mwani uliosonga matumbawe kwa asilimia 50 hadi 80, na watoto wa matumbawe wakaongezeka mara kadhaa. Lakini wale ni kaa wa kula mwani, wanatembea mwambani wakila, unaweza kuwamwaga. Hawa wetu wa matawini kila mmoja amefungwa na nyumba yake. Ukimmwagia kaa kipande cha tumbawe cha urefu wa kidole kisicho na matawi ya kutosha hana pa kujificha, samaki atamla kabla jua halijazama. Ukubwa wa nyumba ndio unaoamua ukubwa wa kaa. Ndio maana kipande kidogo kilichotolewa kitaluni, kilichokuwa kinaning'inia juu mbali na mchanga, kikishushwa chini kinakutana na tope kwa mara ya kwanza bila mtu wa kukifagilia. Kwenye vitalu vyenyewe watu wanaingia majini na brashi kusugua mwani kwa mkono, saa za watu, mafuta ya boti, bajeti, kazi ambayo mwambani samaki na kaa wanaifanya bila kuandikiwa vocha.

Na tusije tukamfanya kila kaa mtakatifu. Kuna wengine, Hapalocarcinus, jike anatua kwenye ncha ya tawi akiwa mdogo na tumbawe linakua kumzunguka mpaka linamfungia kwenye chumba, anabaki humo na vitundu vya kupitishia maji, dume ni kidude kidogo kinachokuja kumtembelea na kuondoka. Huyo hapigani na mtu. Halafu kuna Cymo, ambaye ukimkuta kwenye tumbawe lenye ugonjwa unadhani ndiye mchawi, kumbe jaribio la 2013 kule Australia lilionyesha ukimtoa ugonjwa unasambaa mara tatu kwa kasi zaidi. Mkono wa haraka ungemuua.

Kwa hiyo ninachotaka kwenye zile ripoti ni kitu kidogo tu, na hakihitaji mashine. Baada ya kuandika vipande vingapi vimepandwa, andika baada ya mwaka mmoja ni vingapi vina kaa ndani, dume na jike, na vingapi vimefunikwa tope. Ni maski ya kuogelea, tochi, na mtu mvumilivu wa kuchungulia. Vijana wa pale Mkwiro, kisiwani Wasini, na wavuvi wa Kuruwitu, waliofunga eneo lao la bahari tangu 2005 wakati sisi bado tunabishana, wataiona tofauti kabla ya mshauri yeyote wa kutoka huku. Mradi ukiwa na vipande elfu na kaa sifuri, mfadhili ajue amelipia nini.

La pili ni gumu zaidi, na ndilo la Nairobi. Pesa ya matumbawe inaishia Pwani na pesa ya mto inaishia bara, na hao watu wawili hawakai meza moja. Machi 2025 serikali ilizindua programu ya kufufua Mto Nairobi, na mazungumzo yake mengi ni ya maji taka, nyumba na njia za kutembea kando ya mto, mambo ya maana kwa anayeishi Mathare aliyeona mafuriko ya 2024, sitayabeza. Lakini waweke pia kipimo cha udongo unaotoka mjini kuingia Athi, gramu kwa lita, msimu kwa msimu, na wakiweke kingine pale daraja la Sabaki, halafu namba hizo mbili zitumwe kwa walinzi wa hifadhi ya Malindi kila kaskazi inapoanza. Kaunti za Kiambu, Machakos na Makueni ziwe kwenye hiyo barua pepe pia, maana udongo wao uko humo. Aliye na estate ya kuchimba Ruiru au Syokimau aulizwe kabla ya vuli amefunika nini, na faini yake ipigwe mahakama ya Nairobi, asingoje mtu wa Malindi aje kumshtaki.